Wati 3,000 za Kwenye Boksi

Leo tuzungumzie jambo linalonikera: wati zinazoandikwa kwenye maboksi ya homu thieta. Pita Luthuli Avenue hapa Nairobi na macho yako yatavutwa na "3,000W PMPO" kwa herufi kubwa. Maoni yangu ni kwamba namba hiyo haifai kukutoa hata shilingi moja mfukoni.

Geuza mtambo usome kibandiko cha nyuma. Kama unatumia wati 60 za umeme, hauwezi kuzipa spika zaidi ya wati 60 mfululizo, na sehemu ya hizo hupotea kama joto. PMPO hudai kupima kilele cha muda mfupi mno, na kwa kuwa haina kanuni moja ya upimaji, kila kiwanda hujipangia. Uliza wati za RMS, yaani nguvu inayodumu. Hata hizo usizipapie: ukiziongeza maradufu unapata desibeli 3 tu.

Tena, kukuza sauti ni hatua ya mwisho. Hatua ya kwanza ni kuifungua. Sauti ya 5.1 ina njia sita: tatu za mbele, mbili za pembeni au nyuma, na moja ya besi. Kila njia ikiwa na sampuli 48,000 kwa sekunde, za biti 16, jumla ni biti milioni 4.6 kwa sekunde. Dolby Digital kwenye DVD hubana yote hayo hadi biti zisizozidi 448,000, kama sehemu moja ya kumi. Dikoda ndiyo inayofungua furushi hilo na kutenganisha njia. Kisha kigeuzi hubadilisha namba kuwa volti zinazopanda na kushuka, ndipo amplifaya iingie kazini.

Sasa chukua mtambo wenye spika tano na sabufa, lakini hauna dikoda, na nyuma una matundu mawili tu, jekundu na jeupe. Unapokea njia mbili. Spika za nyuma mara nyingi hurudia tu yale ya mbele. Umelipia spika tano, unasikiliza stirio.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, muulize muuzaji: Kuna dikoda ya Dolby Digital au DTS? Kuna tundu la optiki au HDMI ARC la kuunganisha na runinga? RMS ni ngapi kwa kila njia? Ukifika nyumbani, angalia mpangilio wa sauti kwenye runinga. Ukiacha PCM, kebo ya optiki itapitisha njia mbili tu. Chagua "bitstream" ili furushi lifike kwa dikoda likiwa zima.

Na kama bajeti haitoshi? Nunua spika mbili nzuri. Stirio ya kweli inaishinda 5.1 ya boksi.