Wauguzi na mtihani wa Kiingereza: mwenye kupima naye apimwe

Mtoto wa dada yangu ni muuguzi. Alisoma ITM, akaendelea mpaka A1 kule Lubumbashi, kisha akatumika miaka mine katika kituo cha afya hapa Likasi. Wakati fulani akaamua kuomba kazi Uingereza. Familia ikakusanya feza. Baba yake, mtu wa mine tangu ujana, akatoa ile aliyokuwa ameweka kwa kubadilisha manjanja ya nyumba. Sisi wajomba tukaongezea. Mtoto akapita Kasumbalesa, akaenda mpaka Lusaka kufanya mtihani wa Kiingereza, lugha aliyokuwa amejifunza miaka miwili, usiku, kisha kutoka garde.

Siku ya résultat, alama hazikuja. Ilikuja barua fupi kwenye telefone: résultat imesimamishwa, kuna uchunguzi. Akaandika kuuliza, wakajibu kwamba uchunguzi unaendelea. Akaandika tena. Kisha miezi mitatu wakamwambia résultat haitatoka, na feza hairudi. Juu ya nini? Hawakusema. Akanipigia simu: "Mujomba, banasema résultat yangu iko na problème, lakini habasemi ni problème gani. Na sina hata mutu wa kumuuliza."

Lile neno la mwisho ndilo limenisukuma kuandika. Kwa sababu pale kwenye avenue yao watu walikuwa wamekwisha kukata kesi: "Aliiba. Kama hakuiba, wangemupa résultat." Mtoto ambaye aliwachoma sindano, ambaye alizalisha wanawake wao saa ya usiku na tochi ya telefone mdomoni, kwa barua moja tu amekuwa mwizi.

Wandugu, tusikate kesi mbio. Tuangalie kwanza namna mambo haya yanavyokuwa.

Uingereza, muuguzi hawezi kufanya kazi kama hajaandikishwa na baraza linaloitwa NMC. Muuguzi aliyesoma inchi nyingine lazima aonyeshe kwamba anajua Kiingereza. Wengi wanafanya mtihani wa IELTS, wenye alama mpaka 9. NMC inaomba 7 katika kusoma, kusikiliza na kusema, na 6.5 katika kuandika. Katika kuandika kuna insha ya maneno 250, na kwa ile insha wanakushauri utumie dakika 40 hivi. Mara nyingi habari yenyewe haihusu ugonjwa wala mgonjwa: wanaweza kukuuliza juu ya matangazo ya biashara ao juu ya utalii.

Msifikiri ni sisi wa Kifaransa tu tunaoteswa na mtihani huo. Mwezi wa Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano kusudi wauguzi wa Kenya wasio na kazi wapate kwenda kutumika kule. Mwezi wa Novemba mwaka uleule, waziri wa afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, akasema mbele ya watu wote kwamba kwa wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita ni 10 tu. Watu wakacheka sana. Lakini muuguzi wa Kenya anasoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Anaandika fishi ya mgonjwa kwa Kiingereza. Anaongea na daktari kwa Kiingereza. Basi, ni wale 290 wote ndio hawakujua lugha, ao mtihani ulikuwa unapima jambo lingine, yaani namna ya kuandika insha ya shule kwa mbio, jambo ambalo mtu anaacha siku anatoka shule?

NMC yenyewe iliishia kukubali kwamba kuna shida. Tangu Februari 2023 ilibadilisha kanuni. Mtu aliyesoma uuguzi kwa Kiingereza katika inchi ambayo wengi si wasemaji wa Kiingereza, ao aliyekosa alama kidogo tu, anaweza kuleta ushuhuda wa mkubwa wake wa kazi kule Uingereza, kama ametumika naye mwaka mmodi ao zaidi katika kazi ya kusaidia wagonjwa. Pia anaweza kuunganisha alama za mitihani miwili aliyofanya ndani ya miezi 12. Kanuni hii haikuanguka kutoka mbinguni. Wauguzi wa inchi nyingi walilia miaka mingi, na kulia kwao kulisikiwa.

Sasa tuje kwenye wizi wenyewe, maana wizi uko, na sitauficha. Mwaka wa 2023, kampuni inayoendesha mtihani mwingine wa NMC, ule wa kompyuta unaopima ujuzi wa uuguzi, iliona jambo la ajabu katika kituo kimoja cha Ibadan, Nigeria: watu wengi mno walikuwa wanamaliza kwa muda mfupi mno. Ilidhaniwa kwamba kuna watu waliokuwa wanafanyiwa mtihani na wengine. Zaidi ya wauguzi 500 waliopita katika kituo kile walikuwa wamekwisha kuandikishwa na wanatumika katika mahospitali ya Uingereza. Wote wakaguswa na mashaka. Lakini si wote walikuwa wezi. Kulikuwa na mtu aliyeenda pale kwa sababu ndicho kituo kilichokuwa karibu na nyumba yake, akakaa, akajibu maulizo yake mwenyewe, akarudi nyumbani. Yeye pia alipashwa kuonyesha tena kwamba anajua kazi yake. Mungu akusaidie kama ulikuwa umeweka watoto shuleni kule na kukopa feza ya nyumba.

Kuna kesi nyingine ya zamani kidogo ambayo inafundisha zaidi. Mwaka wa 2014 televisheni ya BBC ilionyesha wizi katika mtihani wa Kiingereza unaoitwa TOEIC, uliokuwa unafanywa na wanafunzi wageni ndani ya Uingereza. Wizi ule ulikuwa wa kweli. Lakini serikali ilifanya nini? Iliuliza kampuni ya mtihani ihakikishe yenyewe. Kampuni ikasikiliza sauti zilizorekodiwa, ikatumia mashine na watu, ikasema: katika mitihani 58,000 na zaidi, zaidi ya 33,000 haifai kabisa, na 22,000 hivi ni ya mashaka. Mukijumlisha, ni 97 kwa mia. Karibu wote wezi! Maelfu wakapoteza viza na masomo. Wengine walifungwa kusubiri kurudishwa kwao. Kisha watu wakaenda mbele ya waamuzi, na kwa miaka iliyofuata maelfu wakashinda kesi zao. Wengi walikuwa na kilio kimoja: hatukuonyeshwa ushuhuda wenyewe, hatukuweza hata kusikiliza ile sauti inayosemwa kuwa si yetu.

Na mashine inayopima, haikosei? Mwaka wa 2025 wenye IELTS walikubali kwamba kosa la kiufundi liliharibu alama za sehemu ndogo ya mitihani iliyofanywa kati ya Agosti 2023 na Septemba 2025, katika kusoma na kusikiliza. Sehemu ndogo, ndiyo. Lakini watu wanaofanya mtihani ule ni wengi sana duniani, basi sehemu ndogo yao ni umati. Kuna aliyeambiwa amepita kumbe hakupita, na kuna aliyeambiwa hakupita, akalia, akauza kitu kingine kusudi arudilie, kumbe kosa halikuwa lake.

Wachimbaji wa Likasi hawana lazima ya kuelezwa jambo hili mara mbili. Muko munalijua kuliko mimi. Creuseur anatoka shimoni na mifuko yake, anafika kwenye depo. Mwenye depo anaweka kilo kwenye mizani yake. Anatoa mashine yake ya kupima, ile watu wanaita metorex, anaangalia teneur, anasema: "Iko moja na nusu." Wewe unayejua mwamba ule tangu juma zima, unajua haiwezi kuwa moja na nusu. Unamwambia apime tena. Anakuambia: "Kama hutaki, beba mifuko yako." Mizani ni yake, mashine ni yake, neno la mwisho ni lake. Juu ya nini wachimbaji wanalilia kila siku mpimaji wa pili, mtu ambaye hanunui wala hauzi? Si kwa kuwa wanataka mawe matupu yaitwe shaba. Wanataka tu mwenye kupima naye apimwe.

Kwa mtihani wa wauguzi shida njo ileile. Kampuni inauza mtihani, inasahihisha mtihani, inachunguza mtihani, inakata kesi juu ya mtihani, na inabaki na feza. Muuguzi hana mpimaji wa pili.

Najua kuna baba mmoja anasoma hii gazeti na anasema: "Lakini juu ya nini tuwasaidie waondoke? Hapa kwetu hospitali hazina wauguzi." Ni neno la kweli, na sitaki kulipita. OMS iko na orodha ya inchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wafanyakazi wa afya, ya mwaka wa 2023, na Kongo yetu iko ndani. Uingereza inafuata orodha ile: mahospitali yake hayana ruhusa ya kuja hapa kutafuta wauguzi. Lakini muuguzi mwenyewe, akitaka kuomba kazi peke yake, hakatazwi. Muone basi matokeo yake. Mwenzake wa Kenya anaenda chini ya mapatano ya serikali mbili. Akipata shida, kuna ofisi mbili za kuuliza. Wetu anaenda peke yake. Barua ya mashaka ikimfikia, hakuna serikali, hakuna hospitali, hakuna mtu nyuma yake.

Tena, kumuacha aonewe hakutamrudisha kwenye kituo cha afya. Anayeondoka anafukuzwa na mshahara usiofika na prime isiyolipwa. Wauguzi wetu wamegoma mara nyingi juu ya mambo hayo. Ukitaka abaki, mulipe. Kufurahi kwamba ameanguka mikononi mwa kampuni ya mbali ni uovu tu, na mgonjwa wa Likasi hapati faida yoyote.

Ninaomba mambo haya.

Kwa wenye mitihani: mtu mkisimamisha résultat yake, mwambieni kwa maandishi ni kitu gani mmeona. Mmpe siku ya kurudilia bila kulipa, mbele ya macho yenu. Kama ni mwizi, ataonekana siku ileile. Kama si mwizi, mtakuwa mmemrudishia jina lake.

Kwa Ordre des infirmiers, iliyoundwa kwa sheria ya 2016: wauguzi wanalipa cotisation. Fungueni ofisi moja tu, hata Lubumbashi, ya kumwandikia barua muuguzi aliyeshukiwa, kuhakikisha diploma yake, kuulizia kesi yake kwa jina la Ordre. Barua ya mtu mmoja inatupwa. Barua ya Ordre inajibiwa. Wenzenu wa Uingereza wako na chama chao, RCN, ambacho muuguzi mwenye kushitakiwa anaweza kukikimbilia, na kinamtafutia hata avoka. Hatuombi kitu kisichowezekana.

Kwa ITM na ISTM: Kiingereza kisiwe somo la saa moja kwa juma la kupata tu points. Zambia ni kilomita chache kutoka Lubumbashi.

Kwa ninyi wauguzi: chungeni kila karatasi. Reçu, picha mliyopigwa kwenye kituo, barua zote. Kama alama imetoka lakini hamuiamini, IELTS inakubali muombe isahihishwe tena ndani ya majuma 6. Mtalipa, lakini alama ikibadilika feza inarudi. Wengi hawajui.

Na kwa ba papa na ba mama: yule bwana mwenye kuvaa vizuri anayekuja nyumbani kusema "mimi naweza kukupatia résultat bila mtoto kufanya mtihani", mfukuzeni. Ni yeye anayetia uchafu kwenye jina la wote. Karatasi moja ya wizi kutoka mji huu inafanya mitoto mia ya haki iangaliwe kwa jicho baya.

Mtoto wa dada yangu amerudi kwenye garde. Anakusanya feza tena, pole pole, na safari hii hakutaka baba yake atoe hata franga moja. Manjanja ya nyumba ingali inavuja. Mkipita pale, na mkisikia mtu anasema kwamba aliiba, mumuulize huyo mtu swali moja tu: nani alimwambia, na alionyesha nini?