Bei ya Uzee, Matunzo ya Ujana



Miezi mitano iliyopita, mara baada ya Misa ya pili ya Dominika, kijana mmoja wa parokia yetu, baba wa watoto wawili, alituomba tulibariki gari lake. Lilikuwa Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2005, ya milango minne, rangi ya buluu, yenye bawa kubwa juu ya buti. Tulivaa stola, tukachukua maji ya baraka, tukasali pamoja na familia yake. Juma lililopita, katika ziara ya jumuiya ndogo ndogo, tuliingia uani kwake. Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya mawe, injini imelala chini juu ya turubai, na mtoto wake wa kwanza yupo nyumbani siku ya shule kwa kuwa ada ya muhula haijalipwa. Kijana akatuamkia, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Padre, lakini gari lilikuwa la bei rahisi."

Ni neno hilo, "bei rahisi", ambalo tunataka kupambana nalo katika tafakari ya juma hili.

Kabla ya yote tuondoe dhana moja. Wapo wahubiri wasemao kwamba gari lenye mbio ni chombo cha ibilisi. Sisi hatumo katika kundi hilo. Seminarini tulifundishwa kutofautisha kitu na matumizi yake, nacho chuma hakina dhambi. Tena tukiri mbele yenu: siku ile ya baraka kijana alitusihi tuliendeshe hadi njia panda na kurudi, nasi tulifurahi kama mtoto aliyepewa baiskeli. Anayelipenda gari la namna hiyo tunamwelewa vema. Tunachokataa ni hesabu ya uongo inayofanywa ili lipate kununuliwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtu anaona kwamba Impreza ya miaka ishirini inauzwa kwa fedha ileile ya gari dogo la kawaida la miaka ya karibuni. Anajiambia: "Kwa nini ninunue unyonge, nami naweza kupata nguvu kwa bei hiyohiyo?" Hajajua kwamba gari huuzwa kwa bei ya uzee wake, lakini hutunzwa kwa gharama ya ujana wake. Thamani ya gari hushuka mwaka hata mwaka, ila thamani ya giaboksi yake, breki zake na tabo yake haishuki nayo. Spea haijui kwamba gari limezeeka.

Na tuitazame injini yenyewe. Ina ukubwa wa sisi 1994 tu, lakini kwa gari la soko la Japani ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa nchi ile walikubaliana kutokivuka katika matangazo yao hadi mwaka 2004. Nguvu hiyo hutokana na tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingevuta yenyewe. Feni hiyo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na bila oili safi huungua. Anayezoea kubadilisha oili "ikipatikana fedha" hana budi kujua kwamba tabo haingoji mshahara.

Kuna pia mkanda wa taimingi, ambao hupaswa kubadilishwa ifikapo kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na injini nzima huharibika kwa dakika moja. Kuna petroli: injini hii ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu la Japani, yenye oktani karibu 100. Kuna matairi: kwa kuwa magurudumu yote manne huvuta, matairi yote manne yapaswa kuwa ya saizi moja na yaliyolika kwa kadiri moja, la sivyo difu ya katikati huumia. Anayebadilisha tairi moja moja, kama wengi wetu tufanyavyo, anaokoa fedha ya tairi na kupoteza ya difu.

Tuongeze hesabu ya kila siku. Mtu aendaye kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, husafiri kilomita 1,000. Katika foleni za mjini gari hili likienda kilomita 7 kwa lita moja, litakunywa lita 143. Gari dogo liendalo kilomita 14 kwa lita litakunywa lita 71. Tofauti ni lita 72 kila mwezi, na hapo bado hakuna kilichoharibika.

Mtauliza: ikiwa ni hivyo, mbona yapo mengi sokoni? Yapo mengi kwa sababu waliotutangulia walikwisha kupiga hesabu. Serikali yetu imekuwa ikitoza ushuru wa ziada wa asilimia 30 kwa gari la abiria lililozidi miaka 10 liingizwapo nchini. Kwa hiyo wenye fedha kidogo huliacha la bandarini na kutafuta lililokwisha kuwapo, lililopita mikononi mwa watu watatu au wanne. Mmoja wao huenda alibadilisha ekzosi ili lingurume. Mwingine huenda alimwita fundi wa kompyuta aongeze msukumo wa hewa kupita kiwango cha kiwanda. Wa mwisho alisikia mlio asioupenda ndani ya injini, akampigia simu dalali.

Sasa tusikilize utetezi. Wa kwanza husema: "Subaru ilishinda Safari Rally!" Ni kweli. Colin McRae alishinda kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Lakini magari yale yalikuwa na mafundi waliolisubiri kila moja njiani na shehena ya spea, wakafungua na kufunga vyombo vizima kabla havijafa. Mtetezi wetu ana fundi mmoja chini ya mwarobaini, naye anahudumia pia bajaji.

Wa pili husema: "Gari hili ni salama, lina breki kubwa na huvuta kwa magurudumu manne." Breki ni njema, zikiwa nzima. Lakini magurudumu manne kuvuta husaidia kuondoka na kupanda tope. Hayalifupishi hata kidogo zoezi la kusimama mtoto akatizapo barabara. Na kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, vibao vya 50 vitamkuta katika kila kijiji, na askari karibu na vibao. Farasi 280 watatembea kwa mwendo wa farasi mmoja.

Wa tatu husema: "Paroko ashughulike na altare, awaachie vijana magari yao." Tungependa iwe hivyo. Lakini gari likifa, ni sisi tunaogongewa mlango. Mke huja kutueleza kwamba fedha ya kiwanja ilikwenda kwa dalali naye hakuulizwa. Mwenyekiti wa jumuiya huja kuomba mchango wa ada. Mali ya familia ni ya familia, na anayeihatarisha peke yake kwa furaha yake peke yake ametenda lisilo haki, hata kama gari lingekuwa zima. Bwana wetu alitumia mfano wa mjenzi wa mnara kutufundisha kuhesabu gharama kabla ya kuweka msingi. Hatudhani kwamba mnara wa chuma umesamehewa.

Je, hakuna awezaye kununua? Yupo. Ni yule ambaye, akiisha kulipa bei, amebakiwa na akiba isiyopungua nusu ya bei hiyo kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, na ambaye mwenzi wake ameiona hesabu na kuikubali. Huyo ampeleke fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji, apime mgandamizo wa kila silinda, atazame oili, aulize mkanda ulibadilishwa lini na aone ushahidi. Awashe injini ikiwa baridi, kwa maana muuzaji aliyeipasha moto mapema ana jambo anaficha. Asiye na akiba hiyo lakini alipenda umbo, zipo Impreza zenye umbo lilelile zisizo na tabo, zenye kula kidogo na kusamehe zaidi. Hakuna aibu ndani yake.

Turudi uani kwa yule kijana. Tuliketi naye, tukachukua daftari na kalamu, tukaandika pamoja na mkewe yale yote yaliyohitajika. Orodha ilikaribia bei aliyonunulia. Akatuuliza: "Padre, baraka ile haikushika?" Tulimjibu: "Mwanangu, baraka haibadilishi mkanda wa taimingi." Akacheka kidogo, naye mkewe akacheka. Kisha akatueleza mpango wake: fundi aifunge injini kwa spea za kubabaisha, iwake kwa majuma mawili, dalali atafute mtu.

Hapo hatukucheka tena. Tulimwambia kwamba ndivyo yeye alivyotendewa, na kwamba mahali fulani mjini yupo baba mwingine mwenye ada ya mtoto mkononi. Auze, lakini aseme kila kitu kilichovunjika. Akauliza: "Nikisema ukweli, nani atanunua?"

Atanunua yule mwenye fedha ya kulitengeneza, naye ndiye pekee aliyestahili kulinunua tangu mwanzo.

Dominika njema.