Kibarua na Daftari Lake
Juma zima niliketi Kifaru nikijifunza mfumo mpya wa kompyuta wa kuendesha biashara, ili baadaye nikawafundishe wengine. Kazi yangu ni kuusifu. Stoo, mauzo na mishahara vyote hukaa mahali pamoja. Likitoka gunia moja, hesabu hupungua papo hapo. Hilo nalikubali.

Lakini nauliza: kibarua yu wapi? Zamani za ukoloni, katika mashamba ya mkonge, kibarua alipewa kipande chenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi. Kilikuwa chombo cha kumbana, wala sikililii. Hata hivyo alikishika mkononi, akahesabu siku zake hata kama hakujua kusoma. Katika mfumo huu siku zake zimefungiwa nyuma ya neno la siri la bosi. Zikifutwa, ataonyesha nini?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya kibarua ni nguvu zake. Wataalamu wenzangu, tusiite maendeleo kitu kinachompokonya daftari. Kabla ya kudai ada yetu, tudai kila kibarua apewe karatasi ya siku zake. Printa ipo, kinachokosekana ni nia.