Madaktari wa kike nao waachiwe kisu

Umelazwa, unasubiri kupasuliwa. Mwanadada mwenye koti jeupe anaingia, nawe unamwita 'sista'. Pole, huyo ndiye atakayekupasua.

Wapasuaji wa kike bado ni wachache, na si kwamba wanaogopa damu. Mafunzo chini ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha kanda hii chenye makao Arusha, huchukua miaka 5. Jumlisha miaka 6 ya shahada na mmoja wa intanshipu, uone kama hayaangukii umri wa kulea. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi 3 yenye mshahara, sawa, ila haimrudishii operesheni alizokosa. Akirudi, anayeamua nani ashike kisu ni mkubwa wa zamu, na tuseme ukweli, mazoea humvuta kwa vijana wa kiume.

Tangu 2015 kuna WiSA, mtandao wa wapasuaji wa kike Afrika, unaowashika mkono wanaoanza. Poa sana. Lakini mtandao haupangi zamu. Hospitali zinazofundisha zibandike ukutani orodha ya nani alifanya operesheni gani, na anayejifungua awekewe nafasi yake. Wewe unayetaka kujiunga, iulizie hiyo orodha kabla ya kujaza fomu.