Mdharau mwiba: Nani abebe mzigo wa mpungate Laikipia?

WAHENGA walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Wafugaji wa kaskazini mwa Laikipia wanaielewa methali hiyo kuliko wengi wetu.

Mpungate, aina ya dungusi kakati yenye asili ya bara la Amerika, uliletwa nchini enzi za ukoloni ukapandwa kuwa ua wa boma na pambo la bustani. Leo mmea huo umevamia maelfu ya ekari za malisho, hasa karibu na Doldol na katika ranchi za jamii za Naibunga. Mfugaji anayetafuta nyasi hukuta ukuta wa miiba.

Madhara yake ni makubwa. Tunda lake ni jekundu na tamu, lakini limejaa vijiba vyembamba mithili ya nywele. Mbuzi akilila, vijiba hivyo humganda mdomoni, kooni na tumboni, na wakati mwingine humpofusha macho. Mnyama hushindwa kula, hukonda na hatimaye hufa.

Hali ilikuwa mbaya zaidi wakati misimu mitano ya mvua ilipokosa kunyesha vyema mfululizo, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Nyasi zilipokwisha, tunda la mpungate lilibaki kuwa miongoni mwa vyakula vichache vilivyosalia.

Hapa ndipo swali la haki linapozuka. Sheria ya kudhibiti magugu hatari, Sura ya 325, inamtwika mwenye shamba wajibu wa kuyaondoa magugu yaliyotangazwa kuwa hatari. Kwa mkulima mwenye ekari mbili, sharti hilo lina mantiki. Kwa jamii inayomiliki malisho kwa pamoja, ambayo ndovu na nyani hupita humo wakidondosha mbegu usiku na mchana, sharti hilo ni sawa na kuamriwa kuteka maji kwa pakacha.

Wanyamapori ni hazina ya taifa zima na huiletea nchi fedha za utalii. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inatambua fidia kwa mtu aliyejeruhiwa au mifugo iliyouawa na wanyama hao. Gharama ya mbegu wanazozisambaza, hata hivyo, humwangukia mfugaji peke yake.

Wapo wanaosema kwamba wafugaji wamejiletea balaa hili kwa kulisha mifugo kupita kiasi. Hoja hiyo ina ukweli, kwa kuwa mpungate hustawi upesi penye ardhi tupu. Hata hivyo, haielezi ni kwa nini mmea huo umeingia pia katika ranchi za kibinafsi na hifadhi zinazodhibiti idadi ya mifugo. Gugu halitambui mpaka wala hatimiliki.

Taifa hili limewahi kupata funzo kama hilo. Katika miaka ya 1980, mti wa mathenge ulipandwa Baringo kwa baraka za serikali na wafadhili ili kuzuia jangwa na kuwapa wakazi kuni. Mnamo 2006, jamii ya Ilchamus ilienda mahakamani ikidai mti huo umeharibu malisho na kung'oa meno ya mbuzi wao. Ilichukua hadi 2008 kwa serikali kuutangaza mathenge kuwa gugu hatari. Wakati huo mti ulikuwa umekwisha kutwaa ardhi.

Kuufyeka mpungate kwa panga na kuuacha chini hakusaidii, kwani kila kipande kinachoanguka huota mizizi na kuwa mmea mpya. Kuung'oa na kuuzika kunafaa katika eneo dogo tu.

Njia yenye matumaini ni mdudu. Mnamo 2014, wataalamu walianza kuachilia katika hifadhi ya Ol Jogi mdudu mdogo aitwaye kochinili, anayefyonza maji ya mpungate hadi unyauke. Australia ilifanya vivyo hivyo kuanzia 1926 kwa kutumia viwavi wa nondo, ikakomboa mamilioni ya hekta katika muda wa chini ya miaka 10. Nasi tuliwatumia wadudu dhidi ya gugumaji la Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990.

Lakini kochinili hasafiri mbali kwa haraka. Sharti azalishwe vibandani, abebwe na kuwekwa kwenye mimea mipya, kazi inayohitaji fedha na mikono kwa miaka mingi. Mpungate ukifa nayo ardhi ikaachwa tupu, gugu jingine litachukua nafasi yake. Ndiyo maana malisho yapumzishwe na nyasi zipandwe upya.

Serikali ya kaunti, iliyokabidhiwa kilimo na ufugaji na Katiba ya 2010, haina budi kutenga fedha za kazi hiyo kila mwaka. Serikali kuu nayo, yenye dhamana ya wanyamapori, ichangie sehemu yake. Bunge liirekebishe Sura ya 325 ili mzigo wa gugu linaloenezwa na wanyamapori ugawanywe kwa haki.

Baringo ilingojea zaidi ya miaka 20 kabla ya kilio chake kusikika. Laikipia isingojeshwe kiasi hicho.