Kupimwa Damu Kusiwe Kufukuzwa Kazi

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando nizungumzie jambo linalonikera tangu shule zilipofunguliwa baada ya korona. Jamaa yangu alikuwa mpishi katika shule moja ya kibinafsi. Walipimwa damu, yeye akapatikana na kingamwili za virusi vya korona. Akaambiwa aende nyumbani, eti ni mgonjwa. Kazi ikaishia hapo.

Huo ni ujinga, na tuuite hivyo. Kingamwili ni kama faili ya kumbukumbu ndani ya tarakilishi: yakuonyesha nani aliwahi kuingia, haikwambii kama bado yumo. Mwili huzitengeneza wiki kadhaa baada ya kuambukizwa, nazo huweza kubaki kwa miezi virusi vikishaondoka. Anayetaka kujua nani ana virusi leo, apime pua na koo.

Kazi halisi ya kipimo hiki ni kuhesabu jamii. Tazama Crépy-en-Valois, mji ulio kaskazini mwa Paris. Mwisho wa Machi 2020 watafiti wa Institut Pasteur walianza kuwapima watu 661 waliohusiana na shule ya upili ya hapo. Waliokutwa na dalili za kuwahi kuambukizwa walikuwa wanafunzi 38%, walimu 43%, na wafanyakazi wasiofundisha 59%. Wazazi na ndugu za wanafunzi walikuwa karibu 11% na 10%. Picha ikawa wazi: ugonjwa ulienea zaidi shuleni kuliko majumbani, na wafanyakazi wa chini ndio waliopata pigo kubwa. Hayo yalijulikana bila kumfukuza mtu.

Sasa hesabu kidogo. Tuseme kipimo hunasa 90% ya walioambukizwa, na huwaachilia sawasawa 95% ya wasioambukizwa. Pima watu 1,000 ambao 50 tu waliwahi kuambukizwa. Utawanasa 45 wa kweli, na karibu 48 wa uongo! Yaani zaidi ya nusu ya "waliopatikana" hawana hatia yoyote. Kwa jumla ya shule, hitilafu hiyo yaweza kusahihishwa kwa fomula. Kwa mpishi mmoja, hakuna fomula.

Wengine walikuja na kosa la upande wa pili: mwenye kingamwili apewe cheti cha kutembea huru. Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi ya hilo Aprili 2020. Na tangu chanjo zianze kutolewa Kenya Machi 2021, kingamwili zaweza kutokana na sindano tu.

Kwa hivyo, wakuu wa shule, gonjwa jingine likija pimeni, tena pimeni wengi. Lakini ondoeni majina kabla ya kufungua jedwali, na majibu ya mtu apewe mwenyewe. Mwenye kuona nimekosea hesabu, anionyeshe ni mstari gani.