Baiskeli ya Zamani au ya Kisasa? Njoo na Sumaku

Kila Februari lazima mgeni mmoja anisimamishe hapa Braamfontein: "Kaka, wewe si injinia? Nina randi 2,000. Ninunue baiskeli ya mbio ya zamani au nivumilie nipate ya kisasa?"

Kwa upande wa fremu sina ubishi, ya zamani ya chuma ni mali. Ikipinda inanyooshwa, ikipasuka fundi anachomelea. Nyingi za gia 6 zina nafasi ya milimita 126 kwenye gurudumu la nyuma, zilizofuata zikawa 130. Chuma unakipanua hizo 4 na maisha yanaendelea. Alumini usijaribu.

Lakini jamani, ringi! Mimi nilinunua Peugeot ya miaka ya 70 kwa randi 1,200, inang'aa kama sahani za harusi. Kumbe mng'aro wenyewe ni kromu juu ya chuma. Wiki ya pili natoka Wits, nashuka Jan Smuts kuelekea Empire Road, ikanikuta mvua ya saa tisa (mnaijua, haipigi hodi). Nikabana breki zote mbili. Wapi! Kromu ikilowa ni utelezi mtupu. Taa nyekundu niliipita katikati ya taksi mbili, abiria wakanitukana kwa lugha tatu. Nilikaa ukingoni mwa barabara mpaka magoti yakatulia.

Halafu spea. Peugeot nyingi za enzi hizo zina hesi za Kifaransa kwenye ekseli ya pedeli, kipenyo milimita 35, wakati za kawaida ni 34.8. Unywele tu, lakini haiingii ng'o.

Kwa hiyo msimamo wangu: kwa randi 2,000 usiende kununua mpya ya supamaketi, uzito wake utaujutia kila mlima. Tafuta iliyotumika, umri wake si hoja, mradi ringi ni za alumini, saizi 700C. Na toa humo humo hela ya kufuli la maana. Beba sumaku ya mlango wa friji: ikinata kwenye ringi, aga uondoke.

Ile Peugeot bado iko chumbani kwangu. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza ananibembeleza nimuuzie, na hela ameshika mkononi, nami mwisho wa mwezi umenibana kweli. Nimemwambia asubiri nibadilishe ringi. Amenuna, anadhani nataka kupandisha bei.